Hapa si Jamaika



Majuma machache kabla ya Pasaka iliyopita, katika parokia moja ya mji wetu wa Bukavu, kijana mmoja alifika kwenye mazoezi ya kwaya akiwa ameziacha nywele zake zikue na kusokotana mpaka mabegani. Alibatizwa papo hapo, akapokea kipaimara papo hapo, na sauti yake ya besi ilijulikana na wote. Mmoja wa wakubwa wa kwaya alimtazama, akamwambia mbele ya watu: «Nenda kwanza kwa kinyozi. Hapa si Jamaika.» Watu wakacheka. Nasi tuliokuwapo tukacheka. Kijana alitabasamu kidogo, akachukua daftari lake la nyimbo, akatoka.

Kicheko kile hakikutuacha tukalala vizuri. Tulipoulizana baadaye, watu watano tulioketi pamoja, ni nini hasa tukijuacho juu ya Jamaika, majibu yalikwisha upesi: bangi, nywele, Bob Marley, wakimbiaji, bunduki. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukikanyaga kisiwa kile. Hakuna aliyejua kina watu wangapi, wala wanasali wapi siku ya Jumapili. Hata hivyo mzaha ule tuliuelewa mara moja, bila kufafanuliwa. Kwetu sisi Jamaika lilikuwa limekwisha kuacha kuwa jina la nchi, likawa jina la tabia. Ndiyo sababu tumeona vema kuandika kurasa hizi, baada ya kusoma na kuuliza zaidi kidogo kuliko tulivyofanya siku ile.

Tuanze na nchi yenyewe. Jamaika ni kisiwa cha bahari ya Karibi, chenye kilomita za mraba 11,000 hivi; Kivu ya Kusini peke yake inakizidi karibu mara sita. Wakaaji wake hawafiki milioni tatu. Kilitawaliwa na Wahispania, kisha na Waingereza tangu mwaka 1655, kikapata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, miaka miwili baada ya Kongo yetu. Mikoa yake 14 huitwa parokia hadi leo, na saba kati ya hizo zina majina ya watakatifu: Anna, Tomasi, Maria, Yakobo, Elizabeti, Andrea, Katarina. Yule mkubwa wa kwaya angeshangaa kulisikia hilo.

Angeshangaa zaidi kwa hesabu hii. Watu walipohesabiwa mwaka 2011, waliojitaja kuwa Marasta walikuwa 29,000 hivi, yaani mmoja katika kila mia. Sehemu kubwa ya Wajamaika ni Wakristu wa makanisa ya Kiprotestanti: Waadventista, Wapentekoste, Wabatisti na wengineo, na wenyewe hupenda kujisifu kwamba hakuna nchi nyingine iliyojaa makanisa kama kwao. Wakatoliki ni wachache, wawili hivi katika mia. Lakini wawili ni mara mbili ya mmoja. Mtu anayekutana na Mjamaika njiani, akitaka kukisia dini yake bila kumwuliza, atakuwa karibu zaidi na kweli akimwita Mkatoliki kuliko akimwita Rasta. Usain Bolt mwenyewe, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, ni Mkatoliki, na jina lake la katikati ni Mtakatifu Leo.

Je, imekuwaje basi mmoja katika mia akageuka kuwa sura ya wote? Hapa tunaomba msomaji awe na subira, kwa maana ndipo penye uchungu wa jambo hili.

Marasta walianza katika miaka ya 1930, miongoni mwa watu maskini mno wa Kingston na vijiji vyake. Tarehe 2 Novemba 1930 Ras Tafari alitawazwa kuwa Mfalme wa Ethiopia kwa jina la Haile Selassie, na watu waliokuwa wamefundishwa kwa karne nyingi kwamba kila kilicho cheusi ni duni wakaona katika mfalme yule ishara kwamba Mungu hakuwasahau. Imani yao juu ya mfalme huyo si imani yetu, na yeye mwenyewe alikuwa mwana wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia. Lakini njaa ya heshima iliyowasukuma tunaielewa vema. Wakaacha kukata nywele, wakajitenga na nyama ya nguruwe, wengi wao wakajinyima pombe na chumvi, wakaishi kwa kilimo na kazi za mikono. Nchi yao wenyewe ikawachukia. Mwenye nywele zile hakupewa kazi. Mtoto wake alifukuzwa shuleni. Wazazi waliwatisha watoto kwa jina lake.

Siku ya Alhamisi Kuu ya mwaka 1963, tarehe 11 Aprili, mgogoro uliohusu ardhi karibu na mji wa Montego Bay, mahali paitwapo Coral Gardens, uliishia katika umwagaji wa damu. Wanaume wachache wa Kirasta walishambulia kituo cha mafuta, na kabla ya siku kwisha watu wanane walikuwa wamekufa, wakiwamo polisi wawili. Kosa lilikuwa la watu wachache. Adhabu ikawa ya wote. Polisi na askari, pamoja na raia waliojichukulia silaha, waliwasaka Marasta katika pande zile zote, wale ambao hata habari hawakuwa nayo, wakawapiga, wakawafunga, wakawakata nywele kwa nguvu. Watu wale walinyolewa huku Wakristu wa kisiwa kizima wakijiandaa kuadhimisha Mateso ya Bwana. Hadi leo Marasta hawaiiti siku ile Ijumaa Kuu. Huiita Ijumaa Mbaya. Ilipita miaka 54 kabla serikali ya Jamaika, mwaka 2017, kuomba radhi hadharani.

Tuliposoma habari hiyo tulikumbuka neno «kinyozi», na hatukuweza tena kucheka.

Baadaye dunia ikaupenda muziki. Bob Marley, mtoto wa kijiji cha Nine Mile, aliyezaliwa mwaka 1945, akawa Mjamaika anayejulikana kuliko wote, na picha yake ikauzwa kwenye shati, kwenye kofia na kwenye vioo vya taksi zetu hapa. Kwa upande wa wafanyabiashara picha moja huuzwa kwa urahisi kuliko watu karibu milioni tatu. Walichukua nywele, wakachukua moshi, wakachukua rangi tatu za bendera ya Ethiopia, na yaliyosalia wakayaacha. Hawakuona sababu ya kueleza kwamba mtu huyo alibatizwa katika Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia mwaka 1980, miezi michache kabla ya kifo chake, akazikwa kwa ibada ya Kanisa hilo mwezi Mei 1981. Dhuluma ikawa ya pande mbili: Wajamaika wengi walivikwa sura isiyo yao, na Marasta waliovumilia fimbo kwa ajili ya imani yao wakageuzwa kuwa tangazo la bangi.

Juu ya bangi tuseme wazi, maana tunajua ndiyo inayowatia hofu wazazi. Mmea ule haukuota Jamaika tangu mwanzo. Jina lake la kule, ganja, ni neno la Kihindi, kwa kuwa uliletwa na vibarua wa Kihindi waliochukuliwa kwenda kukata miwa tangu mwaka 1845, baada ya watumwa kupata uhuru wao. Sheria ya nchi imeupiga marufuku tangu mwaka 1913, na watu wengi, hasa maskini, wamefungwa kwa ajili ya msokoto mmoja. Ni mwaka 2015 tu sheria ilipolegezwa: anayekutwa na kiasi kidogo hulipa faini badala ya kukamatwa, na Marasta wanaruhusiwa kuitumia katika ibada yao. Ndiyo kusema, kijana wa Bukavu avutaye bangi huku akijisifu kwamba anaishi «Kijamaika» anaiga jambo ambalo katika Jamaika yenyewe lilimpeleka mtu gerezani kwa miaka mia moja. Hatuandiki haya ili kuitetea bangi. Tumewaona wenzetu walioharibikiwa akili kwayo, nao hawakuwa na nywele ndefu.

Na muziki wenyewe, ambao wengi hudhani ulizaliwa katika moshi? Katika barabara ya South Camp, mjini Kingston, kuna shule iitwayo Alpha. Ilianzishwa mwaka 1880 na mwanamke Mkatoliki, Jessie Ripoll, ili kuwalea watoto yatima. Miaka kumi baadaye Masista wa Huruma wakaja kuisimamia. Wavulana maskini, wengine wakaidi waliopelekwa huko na mahakama, walifundishwa kushona nguo, kutengeneza viatu, kuchapa vitabu, kulima, na kupiga tarumbeta katika bendi ya shule. Sista Mary Ignatius Davies, aliyeitumikia shule hiyo kwa zaidi ya miaka sitini mpaka kufa kwake mwaka 2003, alikuwa na mkusanyo mkubwa wa sahani za muziki, akawachezea wavulana wake wasikie na kujifunza. Kundi la Skatalites lilipoundwa mwaka 1964, wanne kati ya wanamuziki wake walikuwa wametoka Alpha: Tommy McCook, Don Drummond, Johnny Moore na Lester Sterling. Midundo yao iliitwa ska, na kutoka ska ikazaliwa reggae, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wakubwa wa kwaya wanaoikataza reggae kwa kuiona ni muziki wa wahuni wangefaa wajue kwamba imepita mikononi mwa masista.

Kuna dhana nyingine, ambayo sisi Waafrika hatukuibuni bali tuliipokea kutoka kwa watalii: kwamba Mjamaika ni mtu wa kulala ufukweni, asiyejishughulisha na lolote, ambaye kila neno kwake ni «hakuna shida». Maneno hayo husemwa sana, ni kweli, lakini husemwa hotelini, na yule aliyeajiriwa kuyasema. Mgeni anayefika Montego Bay akafungiwa ndani ya ukuta wa hoteli kwa siku saba, kila kitu kikiwa kimelipiwa, hukutana na mhudumu aliyeamka saa kumi za usiku ili awahi basi, akatabasamu kwa kuwa tabasamu ni sehemu ya kazi yake. Kisha mgeni anarudi kwao na kusimulia kwamba watu wa kule hawana haraka.

Watu hao hao walikwenda kuchimba mfereji wa Panama tangu Wafaransa walipoujaribu katika miaka ya 1880, na wengi walibaki huko kaburini kwa homa. Walipanda meli Empire Windrush, iliyoshusha abiria Tilbury tarehe 22 Juni 1948, wakaenda kuijenga upya Uingereza iliyobomolewa na vita, wakaendesha mabasi yake na kuwauguza wagonjwa wake. Na mwaka 2018 serikali ya Uingereza ililazimika kuwaomba radhi, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wamenyimwa matibabu na kazi, hata kufukuzwa nchini, kana kwamba walikuwa wageni waliojipenyeza. Tangu mwaka 1966 huenda Kanada kila msimu kuvuna matunda, wakawaacha watoto nyumbani. Huo si uvivu tunaoujua sisi.

Katika makaburi ya Wakatoliki ya Mtakatifu Maria, Kensal Green, mjini London, amezikwa Mary Seacole, mzaliwa wa Kingston, aliyefariki mwaka 1881. Aliomba kwenda kuwauguza askari wa Uingereza katika vita vya Krimea, akakataliwa. Akasafiri kwa fedha zake mwenyewe, akawahudumia karibu kabisa na uwanja wa mapigano. Katika makaburi hayo hayo uliwekwa mwaka 1940 mwili wa Marcus Garvey, Mjamaika aliyeamsha fahari ya watu weusi ulimwenguni pote, naye pia alikufa akiwa Mkatoliki. Mwaka 1964 mwili wake ulirudishwa nyumbani, akawa shujaa wa taifa. Wajamaika wawili waliolala mahali pamoja, na picha yao hatujaiona kwenye taksi yoyote.

Bunduki, hilo tusilipambe. Mwaka 2005 waliouawa Jamaika walizidi 1,600, hesabu ya kutisha kwa nchi ndogo hivyo. Katika uchaguzi wa mwaka 1980 walikufa watu 800 hivi, kwa sababu vyama viwili vikubwa vilikuwa vimegawana mitaa ya maskini ya Kingston na vijana wa kila upande walikuwa wameshika silaha. Lakini kisiwa kile hakina kiwanda cha bunduki. Nyingi huingizwa kwa siri kutoka Marekani, na mauaji hukaa zaidi katika mitaa ile ile iliyosahauliwa, wakati sehemu kubwa ya nchi inalima, inasomesha watoto na kulala salama. Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa mara mbili. Nasi pia tuna silaha tusizozitengeneza, na tunajua uchungu wa kufika ugenini, kutaja tunakotoka, na kuona uso wa mwenyeji ukibadilika, akiuliza juu ya vita kabla hajauliza jina lako.

Tena lugha. Wengi husema Wajamaika wanazungumza Kiingereza kibovu. Kipatwa chao kina sarufi yake, na ndani yake mna maneno ya Afrika. «Unu», kwa mfano, maana yake ninyi, kama wasemavyo Waigbo wa Nigeria hata leo. Agano Jipya lilichapishwa kwa lugha hiyo mwaka 2012, na Wajamaika wengine walilipinga, wakiona aibu Neno la Mungu kusomwa kwa lugha ya jikoni. Sisi tunaoambiwa na ndugu zetu wa Tanzania kwamba Kiswahili chetu cha Kongo kimevunjika, tungewezaje kuwacheka? Isitoshe, katika parokia ya Mtakatifu Tomasi, mashariki ya kisiwa, kuna watu wenye ngoma iitwayo Kumina, ambao katika nyimbo zao yamo bado maneno ya Kikongo. Babu zao walitoka pande za mto wetu, wakapelekwa kule katikati ya karne ya 19, baada ya utumwa kufutwa. Wanamtaja Mungu kwa jina la Zambi. Tuliposema «hapa si Jamaika», hatukujua kwamba kipande cha Kongo kiko huko.

Tumemsikia mzee mmoja wa parokia akitujibu hivi: «Ninyi mnasoma vitabu. Sisi tuliwaona Marasta kwa macho yetu.» Neno lake lina uzito, wala hatutalipuuza. Karibu na mwaka 2005, katika Walungu na Kalonge, kundi la wauaji waliojitenga na wapiganaji wa FDLR liliitwa Rasta. Waliteka nyara, walibaka, waliua. Mama aliyekimbia usiku ule akiwa na mtoto mgongoni haangalii nywele zilizosokotana kama mtu wa Ulaya anavyoziangalia, na hatuna haki ya kumcheka kwa hofu yake. Lakini wale walichukua jina tu. Jamaika haikuwajua.

Majina husafiri kwa njia za ajabu. Marasta wana ngoma na ibada waiitayo Nyabinghi, na jina hilo limetoka huku kwetu: ni Nyabingi, aliyetajwa na babu zetu katika Rwanda, Kigezi na pande za mpaka, na ambaye kwa jina lake Muhumuza alipigana na Wazungu mpaka akakamatwa mwaka 1911. Mwaka 1935, Italia ilipokuwa ikiivamia Ethiopia, gazeti la Jamaika lilichapisha makala ya kuipendelea Italia, yenye kudai kwamba Nyabinghi ni chama cha siri cha watu weusi waliokula kiapo cha kuwaua Wazungu, na Haile Selassie ndiye mkuu wao. Ulikuwa uzushi wa kutisha watu. Marasta waliusoma, wakaliokota jina, wakalifanya jina la sala. Kisha miaka sabini baadaye jina lao wenyewe likaokotwa na wauaji katika misitu yetu.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema kwamba hata hivyo kwaya ina utaratibu wake. Tunakubali, kwaya ina haki ya kuweka utaratibu. Basi iuandike, iwasomee wote, wavulana na wasichana, na sababu itajwe. Nchi ya watu wengine si sababu.

Yule kijana bado anakuja Misa. Huketi upande wa kushoto, benchi la pili kutoka mlangoni, na wimbo wa kutolea sadaka ukianza yeye huimba besi kutoka kule nyuma, kwa sauti ya chini. Jumapili iliyopita tulimngoja nje baada ya baraka ya mwisho ili tumwombe radhi. Alikuwa amekwisha kuondoka. Tutamngoja tena Jumapili ijayo.